Tarumbeta Mwishoni mwa Kiti cha Kinyozi

Kwa miaka mingi, watu wengi wa Moshi waliopenda albamu ya roki tuliyoiita Kiti cha Kinyozi waliamini kwamba inamalizika kwa tarumbeta. Haimaliziki hivyo. Tarumbeta ile ilipigwa Mbokomu, nyuma ya kanisa, kando ya mfereji wa maji, na mkulima wa kahawa ambaye hakuwa amewahi kusikia neno roki. Aliyeiweka pale mwishoni ni mimi.

Nilianza kazi Jumatatu moja katikati ya miaka ya themanini, siku zile maduka ya mjini yalipoanza tena kuwa na sabuni, betri na kanda tupu kwa wakati mmoja. Nilikuwa binti wa Uru niliyemaliza kidato cha nne. Duka letu la kurekodi muziki lilikuwa Majengo, chumba kimoja kati ya fundi cherehani na muuza misumari, na ndani ya chumba hicho kimoja kulikuwa na vyeo viwili. Bwana Twahiri, mwenye duka, alikuwa Mkurugenzi. Alizaliwa Majengo hapo hapo, na alipenda kusema kwamba babu zake walitoka nchi tatu na hakuna hata mmoja aliyejua kuimba. Chini yake alikuwa Fundi Mkuu, mtu wa Kahe, mkimya, aliyevaa kanzu Ijumaa na koti la bluu siku nyingine zote.

Wiki ya kwanza sikuruhusiwa kugusa kitufe. Fundi Mkuu alinipa pamba na chupa ndogo ya spiriti.

"Hiki kinaitwa kichwa," alisema akinionyesha kile kichuma kidogo ambacho kanda hupita mbele yake. "Ndicho kinachosoma na ndicho kinachoandika. Kikiwa kichafu, mwimbaji anaimba akiwa ndani ya pipa."

Kisha alinivalisha spika za masikioni, akachezesha kanda tupu, akaniuliza nasikia nini. Nilisema sisikii kitu.

"Sikiliza tena."

Nilisikia mvumo, kama mvua ya mbali kwenye migomba.

"Huo ni kanda yenyewe. Ukishaujua, hutauchanganya tena na muziki."

Vijana wanaobonyeza simu na kupata wimbo papo hapo wanaweza wasielewe tulichokuwa tukifanya, kwa hiyo nitaeleza. Mteja alikuja na kanda yake au alichukua yetu. Alichagua nyimbo kutoka kwenye orodha iliyobandikwa ukutani. Kama ni santuri, yaani ile sahani kubwa nyeusi, tuliiweka kwenye pleya, tukashusha sindano, na kurekodi kwanza kanda moja safi tuliyoiita kanda mama. Kutoka kwa kanda mama ndipo tulipozalisha nyingine zote, ili sahani isichakae. Wakati wa kurekodi unatazama mita, kijishale kinachopanda na kushuka kufuata sauti. Kikigonga upande wa nyekundu, sauti inapasuka.

Kanda nyingi zilikuwa za dakika sitini, thelathini kila upande. Muziki hauna adabu ya kumalizika dakika ya thelathini, na Mkurugenzi alikuwa na sheria yake.

"Mteja hanunui ukimya, Manka," aliniambia. "Akifika nyumbani akakuta dakika nne za kanda hazina kitu, atasema Twahiri kamnyima."

Kwa hiyo kila nafasi iliyobaki mwishoni tuliijaza na wimbo wowote unaotosha urefu wake. Dukani tuliuita kiraka. Kiraka hakikuandikwa kwenye karatasi ya jina, kwa sababu kilikuwa bakshishi. Mteja aliyenunua kwaya aliweza kupata kiraka cha rumba, na hakuna aliyelalamika, isipokuwa katekista mmoja ambaye hata yeye alirudi kuuliza jina la wimbo.

Baada ya mwaka mmoja na nusu nilitoka kaunta na kupandishwa kwenye mashine. Ndipo ile santuri ilipofika. Daktari mmoja wa kujitolea alikuwa anarudi kwao Ulaya, akamwachia Mkurugenzi kreti zima la sahani. Katikati ya kreti kulikuwa na moja yenye picha ya kiti cha kinyozi, cha ngozi nyekundu, kimesimama peke yake katikati ya theluji. Maneno ya jaladani yalikuwa ya lugha ambayo hakuna mtu wa Majengo aliyeijua, hivyo tukaiita kwa picha yake. Siku ya kwanza tu ukazuka ubishi kwamba picha ilipigwa Kibo, kileleni Kilimanjaro. Mpagazi mmoja aliyekuwa anasubiri kanda yake aliichukua, akaitazama, akairudisha.

"Mimi nimefika kule juu mpaka nimechoka kuhesabu," alisema. "Hakuna kinyozi."

Nimesikiliza muziki maisha yangu yote ya kazi, na sijakutana na santuri nyingine kama ile. Wimbo wa kwanza ulikuwa roki tupu, magitaa yakigombana. Mkurugenzi aliinua kichwa kutoka kwenye gazeti na kuuliza, "Hawa wanapiga muziki au wanapigana?" Wa pili ulikuwa kinanda na fidla tu, wa taratibu kiasi kwamba ungeweza kuusikia kanisani na usigeuke nyuma. Wa tatu ulikuwa na ngoma za mkono na gitaa jembamba linalocheka, na hapo Mkurugenzi aliacha kiti chake kabisa.

"Ebu rudisha hapo. Huyo mzungu amepita Kinshasa huyo."

Upande wa pili ulikuwa na wimbo mrefu wenye kwaya ya watu wengi, kisha bluzi, ule muziki wa huzuni wa watu weusi wa Marekani, uliopigwa kwa kinanda cha mdomo. Wa mwisho ulikuwa gitaa moja na sauti moja ya mwanamume, unaofifia polepole mpaka hujui umekwisha saa ngapi. Jambo lililonivutia ni kwamba mitindo hiyo yote haikugombana. Ilipita mmoja baada ya mwingine kama wageni kwenye harusi ya watu wastaarabu, kila mmoja na vazi la kwao, na mwenye nyumba akaonekana kuwajua wote. Fundi Mkuu, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, aliisikiliza yote akiwa amesimama. Mwishoni alisema, "Aliyerekodi hii alisafisha kichwa."

Upande wa pili ulikuwa wa dakika ishirini na sita na ushee. Nafasi iliyobaki kwenye kanda ilikuwa dakika tatu na nusu, na nilihitaji kiraka.

Wiki mbili kabla nilikuwa nimepanda Mbokomu na kinasa sauti cha mkononi. Usharika mmoja wa huko ulikuwa unasherehekea jengo jipya, ukatulipa turekodi bendi yao ya tarumbeta. Watu wa mlimani wanazijua bendi hizi za kanisa: wakulima wenye vyombo vya shaba, wanaopiga kwenye ibada, harusi na mazishi. Ili nipime mita kabla ya ibada, nilimwomba mpiga tarumbeta wa kwanza apige chochote peke yake. Alikuwa Mzee Aminieli, mrefu, kofia ameishika kwapani.

"Chochote chochote?" aliuliza.

"Chochote, baba. Napima sauti tu."

Alitazama kushoto na kulia. "Mwalimu wa kwaya yuko wapi?"

"Yuko ndani," wenzake wawili waliosimama naye walimjibu, wakicheka.

"Basi nitapiga ule ambao haumo kitabuni."

Akapiga tuni yake mwenyewe, aliyoitunga kihambani, shambani kwake nyumbani, wakati wa kuchuma kahawa na ambayo mwalimu wa kwaya alikuwa ameipiga marufuku. Ilianza kama wimbo wa kanisa, ikakunja njia na kuingia kwenye mwendo wa ngoma za zamani za Wachagga, kisha ikarudi kanisani kama mtu aliyetoka kidogo. Katikati noti moja ilimponyoka, akaendelea. Mwishoni wale wawili wakamwingilia kwa sauti za chini bila kuambiwa. Dakika tatu na sekunde ishirini. Nilisahau kutazama mita.

Ndiyo niliyoiweka baada ya wimbo wa gitaa kufifia. Ilitosha, na niliipenda. Sikuandika jina, kwa sababu hatukuwa tunaandika viraka. Kisha, kama ilivyokuwa kawaida, nakala za ibada ya Mbokomu zilipokwisha kukabidhiwa, Fundi Mkuu aliniamuru nirekodi kazi nyingine juu ya kanda ya kwanza. Kanda tupu hazikuwa za kuchezea. Kwenye kanda waliyopewa watu wa usharika kulikuwa na ibada peke yake. Tuni ya Mzee Aminieli ikabaki mahali pamoja tu duniani, mkiani mwa Kiti cha Kinyozi.

Kanda ile ilipendwa kuliko tulivyotarajia. Ilichukuliwa na wanafunzi wa sekondari, madereva wa malori, wenye hoteli za chai, vijana wa Kahe waliosikiliza wakisubiri zamu yao ya maji shambani. Wengine walizalisha kutoka kwenye zetu. Na wote walipoisifu, walianzia mwishoni.

"Ile tarumbeta, dada! Wazungu wale walijua kumaliza."

Mwalimu mmoja wa sekondari alikuwa na mazoea ya kusimama kaunta na kuwaeleza wateja. "Angalieni," alisema, "wamekupitisha kwenye roki, rumba, kwaya, bluzi. Sasa mwishoni vyote vinakutana kwenye tarumbeta. Kanisa limo, ngoma imo. Na ile noti iliyopotea katikati, mnafikiri ni bahati mbaya? Imepangwa! Huo ndio usanii."

Nilimwambia Mkurugenzi kwamba tuwaambie watu ukweli. Alishusha gazeti.

"Ukisema kiraka, mwalimu ataonekana mjinga, na mwalimu hununua kanda mbili kila mwezi. Nyamaza, Manka. Nani ameumia?"

Nilinyamaza, na kwa muda mrefu nilidhani hakuna aliyeumia.

Aliyenijibu swali la Mkurugenzi alikuwa mama mmoja aliyeingia dukani miaka michache baadaye, asubuhi ya siku ya soko, kitenge kimefungwa imara, kikapu cha ndizi mkononi. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, akaweka kikapu chini, akatutazama wote watatu.

"Ninyi ndio mnaomuuza mume wangu?"

Fundi cherehani wa jirani alisimamisha mguu kwenye mashine yake.

Alikuwa mke wa Mzee Aminieli. Alieleza kwa utaratibu, kama mtu aliyejipanga njiani. Mume wake alikuwa ameketi na wenzake kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, kijana mmoja akaja na redio ya kanda, ikapigwa Kiti cha Kinyozi. Tarumbeta ilipoanza, mzee aliweka kata chini na kusema, "Huyo ni mimi." Walicheka hadi mbege ikamwagika. Alipong'ang'ania, wakaleta jalada la kanda na kumsomea majina ya wazungu tuliyoyanakili kutoka kwenye santuri. Tangu siku hiyo aliitwa Mzungu. Watoto walimwamkia "Good morning" njiani. Wale wawili waliopiga naye walikuwa wametangulia mbele ya haki, na mwalimu wa kwaya hakutaka kuizungumzia tuni aliyoipiga marufuku, kwa hiyo hakuwa na shahidi.

"Ameipandisha tarumbeta darini," alisema. "Haendi tena kwenye bendi. Usiku hasemi. Nimekuja kuuliza jambo moja tu. Ni yeye, au si yeye?"

Mkurugenzi alifungua mdomo. Nikamtangulia.

"Ni yeye, mama. Nilimrekodi mimi."

Mama alikaa kwenye benchi la wateja bila kukaribishwa. "Basi uje uwaambie wao," alisema. "Mimi nilishaamini."

Alipoondoka nilitarajia kufukuzwa kazi. Mkurugenzi alizunguka chumba, na chumba kilikuwa hatua nne. Mwishowe alitoa santuri kwenye rafu na kuipangusa kwa mkono wa shati.

"Chukua na pleya na betri ya gari. Wakiona sahani yenyewe haina tarumbeta, wataelewa. Lakini irudi bila mkwaruzo."

Jumapili iliyofuata nilikuwa Mbokomu. Baada ya ibada, watu wa huko hubaki uwanjani kwa mnada wa sadaka: mikungu ya ndizi, kuku, mayai, kila kitu hunadiwa kwa kelele na utani. Mchungaji aliniruhusu baada ya kuku wa mwisho kununuliwa. Niliweka pleya juu ya meza ya mnada, nikasimulia yote kama nilivyosimulia hapa, kisha nikashusha sindano kwenye wimbo wa mwisho. Gitaa likafifia. Sindano ikaingia kwenye mfereji wa katikati na kuanza kugonga, tik, tik, tik.

"Mnaona? Hakuna tarumbeta."

Kisha sauti kutoka nyuma: "Sahani yako imekatwa!"

"Wamekupunja, dada! Sisi tunayo kamili!"

Uwanja mzima ukacheka. Nilikuwa nimeleta ushahidi, na ushahidi ulipingwa na kanda nilizotengeneza mwenyewe. Mtu mmoja akapaza sauti, "Basi Mzungu apige tusikie! Kama ni yake, apige!"

Wakaanza kuimba, apige, apige. Mzee Aminieli alikuwa amekaa kwenye ngazi za kanisa. Aliinuka, akaja mbele, akawaonyesha mdomo wake. Meno mawili ya mbele hayakuwepo. Mpiga tarumbeta bila meno ya mbele ni kama mchumaji wa kahawa bila vidole. Kelele zikapungua. Akanigeukia.

"Binti, mbona hukuandika jina?"

Nikamwambia ukweli, mbaya kama ulivyokuwa. "Hatukuwa tunaandika viraka, baba."

"Na ile noti niliyokosea katikati, hukuiondoa?"

"Sikuiondoa."

Alianza kucheka, polepole, mabega kwanza. "Wazungu wangeiondoa," aliwaambia watu. "Wao wana muda wa kurudia. Mimi nilikuwa naiba dakika kabla mwalimu wa kwaya hajatoka."

Mwalimu wa kwaya, ambaye wakati huo alikuwa mzee na mkongojo wake, alisema kutoka kivulini, "Sasa hapo namjua Aminieli." Watu walicheka tena, lakini si kicheko kile cha mwanzo. Wangapi waliamini siku ile siwezi kusema. Najua kwamba jina la Mzungu halikumtoka hadi mwisho, na kwamba Jumamosi iliyofuata aliishusha tarumbeta darini akaenda kuwafundisha vijana wa bendi. Tuni yake alishindwa kuwafundisha kwa mdomo. Walijifunza kutoka kwenye kanda yetu, na noti iliyokosewa wakajifunza pia.

Nami nilianza kuandika. Kila Kiti cha Kinyozi kilichotoka mkononi mwangu kuanzia siku hiyo kilikuwa na mstari wa ziada: tarumbeta, Aminieli wa Mbokomu. Mwalimu wa sekondari aliusoma, akaenda zake, kesho yake akarudi na maelezo mapya ya namna wazungu walivyomjua Aminieli.

Miaka ya tisini nilihamishiwa tawi jipya tulilofungua stendi, nikawa mimi ndiye Fundi Mkuu, kwa kuwa mwenye cheo alirudi Kahe kulima na akafia huko. Kisha zikaja sidii, halafu kompyuta, halafu sheria ya hakimiliki ambayo kwa haki kabisa iliua biashara kama yetu. Tulikuwa tunauza jasho la watu ambao hatukuwauliza, na kisa cha Mzee Aminieli kilinifundisha hilo kabla ya sheria. Mwaka wa mwisho wa duka alikuja kijana aliyesoma Ulaya, ameshika sidii halisi ya ile albamu, amekasirika. "Mama, hawa wameichakachua. Wameitoa tarumbeta." Nilimkalisha kwenye benchi nikamsimulia. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama bado ninayo ile yetu.

Nilipostaafu, Bwana Twahiri alinipa santuri yenyewe. Ninaisikiliza nyumbani Uru. Bado nadhani ni kazi bora. Bado kila mtindo unampisha mwenzake kwa heshima. Ila wimbo wa gitaa unapofifia, huwa nakaa bila kuondoa sindano, na mkono wangu unakuwa tayari kwa kitu ambacho hakiji. Nikiulizwa na vijana kazi ya kurekodi ilikuwa nini, nawaambia ilikuwa kusikiliza, halafu kuandika nani umemsikia. Sehemu ya kwanza niliifanya vizuri tangu mwanzo.

Mzee Aminieli alifariki mwaka mmoja baada ya mimi kustaafu. Vijana aliowafundisha walipiga tuni yake kaburini, na tangu hapo inapigwa mazishi mengi ya upande ule. Sasa kuna kamati ya kanisa inayoandaa kitabu cha tuni za bendi za tarumbeta za mlimani. Tuni hiyo imekubaliwa. Kuhusu mtunzi, wajumbe wamegawanyika: wengine wanasema ni Aminieli, wengine wanasema ni ya wazungu, kwa kuwa waliisikia kwenye Kiti cha Kinyozi tangu wakiwa wanafunzi. Nimewaandikia barua mbili. Katibu alijibu ya kwanza, akaomba shahidi wa pili aliyekuwepo siku ya kurekodi, na mimi simjui aliye hai.

Nimeonyeshwa rasimu. Noti zimeandikwa sawasawa, pamoja na ile iliyokosewa. Chini ya kichwa cha tuni, mahali pa jina la mtunzi, zimewekwa nukta. Mama Aminieli hunipigia simu kila Jumapili baada ya mnada kuuliza kama kamati imejibu barua ya pili. Haijajibu.